Jukwaa la Shule na Swali la Anayechekwa

Mada hii inakusudia kueleza kwamba elimu ya sanaa za maonyesho haiwezi kupiga vita ubaguzi kwa kuhubiri usawa peke yake. Sharti kwanza ichunguze ni nani anayefanywa kichekesho jukwaani, na ni nani anayemtungia maneno.

Wilaya za Kibaha na Kisarawe zinatupa pa kuanzia. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani, Zanzibar, hadi Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Wakati wa ukoloni shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Utengano huo ulifutwa kisheria mwaka 1962. Mwaka uliofuata nchi za Nordiki zilianzisha kituo cha elimu na maendeleo Kibaha, kikakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970.

Hata hivyo, sheria iliyofungua milango ya madarasa haikuligusa jukwaa. Shule za kikoloni zilithamini tamthilia za Kizungu, na kando yake wanafunzi wakabuni vichekesho. Aliyechekwa humo mara nyingi alikuwa mtu wa shamba asiyejua Kiingereza wala desturi za mjini. Yaani, Mwafrika aliyesoma alifunzwa kumcheka mzazi wake. Urithi huo tungali nao: Mhindi wa dukani mwenye Kiswahili kibovu, au Mmasai mlinzi asiyeelewa kitu. Mtoto wa Kizaramo anaposikia lafudhi ya bibi yake ikichekwa, hujifunza kunyamaza. Vivyo hivyo, mtoto mwenye ualbino akipewa daima nafasi ya mzimu, shule imeidhinisha imani ile ile inayohatarisha maisha yake.

Tiba yake inajulikana. Mwaka 1996 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa TUSEME ili wasichana wa sekondari wayaseme matatizo yanayokwamisha masomo yao. Wanafunzi wenyewe huchunguza tatizo, hulichambua, hutunga igizo, huonyesha, kisha hujadiliana na watazamaji. Hapa anayeumia ndiye mtunzi. Njia hiyo inafaa pia kwa mtoto anayebaguliwa kwa rangi, kabila au ulemavu.

Aidha, Uzaramo una hazina yake. Mdundiko ni ngoma ya kutembea. Anayetazama leo njiani huingia akacheza. Mwalimu anaweza kuutumia mwenendo huo bila jumba wala mapazia. Asiyeona aongoze wimbo. Asiyeweza kutembea apangiwe kituo ambapo msafara utasimama, na tukio kuu la igizo litendeke hapo alipo. Lakini si kila sanaa ya jadi ni ya wote. Mafunzo ya mwali yana siri na mipaka ya jinsia, na hayafai kuletwa shuleni pasipo ridhaa ya wazee.

Hivyo basi, kabla ya igizo kuonyeshwa, mwalimu na awaite wale wanaoigizwa, awaulize kama wanajitambua humo na kama wangependa watoto wao walione. Wakikataa, igizo lirudishwe kwa wanafunzi, litungwe upya pamoja nao.