Sinema Zilizowania Tuzo Kubwa: Sisi Akina Mama Tunasemaje?

Huku kwetu Temeke, mtoto aliyetumwa chumvi akichelewa kurudi, mama hahangaiki kuuliza kwa majirani. Anakwenda moja kwa moja kwenye kibanda umiza. Atamkuta humo, amebanwa na wenzake juu ya benchi, jasho linamtiririka, macho yako kwenye picha ya mapigano ambayo sauti ya mtafsiri inaieleza kwa Kiswahili cha mbwembwe. Chumvi iko mfukoni, na mboga nyumbani imeshaiva bila chumvi.

Mwenzetu mmoja alimtoa huko mwanawe wa miaka 10 kwa kumshika mkono na kumgombeza njia nzima. Walipofika nyumbani mtoto akauliza swali moja tu: "Basi mama, nitazame ipi?" Mama yake hakuwa na jibu. Alituletea swali hilo katika kikundi chetu cha akina mama cha kanisani, na sisi pia hatukuwa nalo. Tunajua sana kukataza. Kuchagua hatukuwahi kujifunza.

Ndipo tulipokubaliana, akina mama saba, kukutana Jumamosi jioni baada ya kufua na kabla ya kupika, tutazame sinema. Mmoja wetu ni mpenzi wa sinema tangu usichana wake, naye alitoa ushauri: tuanze na zile za Afrika Mashariki zilizopelekwa kushindania tuzo kubwa duniani. Tukakaa kwenye mkeka, chai ya tangawizi na karanga katikati, tukatazama nne. Haya ndiyo maoni yetu.

Kupelekwa si kuteuliwa

Kwanza tuondoe utata, maana hata sisi tulikuwa tukichanganya. Katika tuzo za Oscar za Marekani liko kundi la filamu za kimataifa. Kila nchi huruhusiwa kupeleka filamu moja tu kwa mwaka. Kutoka katika hizo zote, 5 ndizo huteuliwa kuwania, na moja ndiyo hushinda. Kwa hiyo filamu inaweza kupelekwa na nchi yake bila kuteuliwa, na ikateuliwa bila kushinda.

Tanzania ilipeleka filamu kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Ilikuwa Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambamo mwalimu wetu wa sanaa za maonyesho, Amandina Lihamba, aliigiza. Ikapita miaka zaidi ya 20 ndipo ikapelekwa ya pili, Vuta N'Kuvute, mwaka 2022. Hakuna kati ya hizo mbili iliyoteuliwa. Lakini jirani zetu wameonja. Lupita Nyong'o wa Kenya alitwaa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike mwaka 2014, kwa filamu inayohusu utumwa wa Marekani.

Watu Wote: abiria waliokataa kutenganishwa

Hii ni filamu fupi. Unaweza kuimaliza kabla maharage hayajaiva. Iliongozwa na Katja Benrath wa Ujerumani, akiwa bado mwanafunzi wa filamu, na ndani yake wanasema Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2018 iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi.

Kisa chake ni cha kweli. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilivamiwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Walitaka Wakristo watengwe na Waislamu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika eneo hilo hilo, abiria 28 wasio Waislamu walikuwa wametolewa ndani ya basi wakauawa. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutenganishwa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi Januari 2016 alifariki kwa majeraha hayo.

Katika filamu tunamfuata Jua, mwanamke Mkristo ambaye mume wake na mtoto wake waliuawa na magaidi. Amepanda basi akiwa na uchungu moyoni, hataki hata kuongea na Waislamu walio karibu naye. Hapo ndipo filamu ilipotushika. Jua hakuchorwa kama malaika. Amejaa chuki, na chuki yake tunaielewa.

Ilipokwisha tulikaa kimya kwa muda. Kisha mwenzetu mmoja akasema kwamba usiku aliposhikwa na uchungu wa mtoto wake wa tatu, mume akiwa safarini, aliyemtafutia bajaji na kukaa naye hadi alfajiri alikuwa jirani yake wa Kiislamu. Akaongeza: "Na mimi sijawahi kumwombea hata siku moja." Wengi wetu tuliinamisha vichwa. Mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Luka tumeufundisha watoto miaka yote, lakini tumezoea kujiweka sisi katika nafasi ya Msamaria. Filamu hii ilituweka sisi kando ya barabara, tukisubiri kuokolewa na mtu wa dini nyingine.

Haikushinda. Tuzo ilikwenda kwa filamu ya Kiingereza, The Silent Child, inayomhusu mtoto wa kike asiyesikia. Kwetu sisi, hata bila tuzo, Watu Wote ni filamu ya kutazamwa na kila familia yenye watoto wakubwa. Wadogo itawatisha.

Supa Modo: je, mtoto mgonjwa aambiwe kweli?

Hii ilitengenezwa Kenya na kuongozwa na Likarion Wainaina. Ilionyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2018, na mwaka huo huo Kenya ikaipeleka Oscar. Haikuteuliwa. Kwa maoni yetu, walioiacha nje walikosea.

Jo ni msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usioponyeka. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini ili siku zake za mwisho awe nyumbani. Jo anapenda sinema za mashujaa wanaoruka angani, naye anatamani kuwa shujaa. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wote wajifanye kuamini kwamba Jo ana nguvu za ajabu. Mama hataki. Anataka mtoto apumzike ndani, na haoni kwa nini adanganywe.

Hapa kikundi chetu kiligawanyika. Baadhi walisema mama yule ana haki, mtoto mgonjwa atulie, tena uongo ni uongo. Wengine wakasema dada ndiye aliyempa mtoto maisha, kwa kuwa mama alikuwa ameanza matanga mtoto angali hai. Ubishi ulipopamba moto, mwenzetu mmoja ambaye huwa mkimya akafungua kinywa. Yeye alimzika mtoto wake wa umri ule ule, aliyekuwa na ugonjwa wa selimundu. Kwa miaka mingi hakuwahi kutusimulia.

Alisema mwanawe alimwuliza mara tatu kama atakufa, na mara zote tatu alimjibu, "Nyamaza mwanangu, utapona." Siku moja mtoto akaacha kuuliza. Hakuacha kwa sababu aliamini. Aliacha ili asimhuzunishe mama yake. "Yeye ndiye aliyekuwa akinilinda mimi," alisema. Katika filamu pia inafika mahali ambapo Jo anaonyesha kwamba anajua kila kitu, na wakubwa ndio waliokuwa wakijificha.

Hatukuendelea na ubishi. Tulimshika mikono, tukaomba pamoja naye. Kama filamu hii haikufanya jambo jingine lolote, ilimfungua mwenzetu mzigo alioubeba peke yake, na ilitufundisha kwamba mtoto akiuliza swali zito anahitaji mama atakayeketi naye ndani ya swali lile. Tunaipa nafasi ya kwanza katika nne zetu.

Vuta N'Kuvute: si ya watoto, lakini ni yetu

Akina mama wenye watoto kidato cha tano na cha sita wanalijua jina hili, maana riwaya ya Shafi Adam Shafi imekuwa ikisomwa shuleni. Filamu imeongozwa na Amil Shivji, na mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Ni Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa mwanamume anayemzidi sana umri. Anatoroka, na anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru.

Tuseme wazi: mna mapenzi ndani yake, na hatungeitazama pamoja na watoto. Mmoja wetu hata alitaka tuizime. Lakini mwingine aliuliza swali ambalo lilitufanya tuendelee: "Kinachotukwaza ni nini hasa? Ni msichana kutoroka, au ni wazazi waliomwoza?" Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Kwa hiyo habari ya Yasmin haikuzikwa na Waingereza.

Kuhusu ufundi, picha zake ni za kupendeza mno: Mji Mkongwe, kanga, vivuli, muziki wa taarabu. Lugha inatiririka. Udhaifu wake, kwa maoni yetu, ni kwamba inakwenda polepole, na asiyekisoma kitabu anaweza kupotea.

Jinamizi la Darwin: tuzo isitufumbe macho

Ya nne ilizua maneno makali. Ni filamu ya maisha halisi iliyopigwa Mwanza na Hubert Sauper wa Austria. Jina lake la asili ni Darwin's Nightmare, nayo ilitoka mwaka 2004 na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Inahusu sangara waliopandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, minofu inayosafirishwa Ulaya kwa ndege, na wenyeji wanaobakiwa na mapanki. Inadokeza pia kwamba ndege hizo zilileta silaha. Mwaka huo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kuwa imeipaka nchi matope.

Mwenzetu aliyezaliwa Mwanza aliitazama huku amekunja uso. Mapanki, alisema, walikuwa wakiyakaanga na kula na ugali, nao walishukuru Mungu. Filamu iliyaonyesha kama uchafu tu. "Umaskini wetu ni wa kweli," alisema, "lakini mbona hakutuonyesha hata siku moja tukicheka?" Mwingine akamjibu kwamba watoto wa mitaani wanaoonekana mle nao ni wa kweli, na kukasirikia picha hakuwalishi. Tuliona wote wawili wana haki. Kuteuliwa kwa tuzo kunaonyesha kwamba filamu imewagusa waamuzi. Hakutuhakikishii kwamba imewatendea haki waliopigwa picha.

Tumwambie nini mtoto?

Baada ya Jumamosi nne tulirudi kwenye lile swali la mtoto. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Wafilipi, sura ya 4, anatuhimiza tuyatafakari yaliyo ya kweli, ya haki na ya kupendeza. Yeye aliyataja yote pamoja. Sisi mara nyingi tumetafuta yanayopendeza tu, tukayakwepa ya kweli kwa sababu yanaumiza.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, tunakushauri haya. Itazame filamu wewe kwanza kabla ya mtoto. Usiridhike na neno "tuzo" juu ya jalada. Keti naye wakati anapotazama, hata kama una mchele wa kuchambua. Uchambue hapo hapo. Na ikiisha, usihubiri upesi. Muulize ameona nini, kisha umsikilize.

Yule mtoto wa miaka 10 tulimwonyesha Supa Modo, mama yake akiwa kando yake. Alicheka sana, na mwishoni akalia bila kujificha. Mama yake alimwuliza ameona nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Mama, nikiumwa uniambie ukweli, halafu tucheze."

Bado anakwenda kibanda umiza. Ila siku hizi anatuma salamu kwanza kwamba yuko huko, na chumvi anaileta kabla.