Ukisema Mshipa, Wakusudia Mshipa Upi?

Ni nadra kukifungua kitabu cha Kiswahili cha shule ya sekondari hapa Kenya ukakosa mchoro wa kichwa cha binadamu kilichopasuliwa kwa ubavu, pua ikitazama upande mmoja, na mishale ikielekeza kwenye midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, ulimi, koromeo na nyuzi za sauti. Mwalimu huunakili ubaoni anapofundisha ala za matamshi. Kazi yangu ya kuwakagua wanafunzi walio katika mazoezi ya kufundisha imenipitisha mara nyingi katika njia ya kutoka Kitale hadi Bungoma, kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, na mchoro huo nimekutana nao katika mbao nyingi nisizoweza kuzihesabu. Katika miji hiyo hiyo ya Kitale na Bungoma yapo matawi ya chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, ambamo vijana wa rika la juu kidogo huchora kichwa kile kile, kilichopasuliwa vile vile. Tofauti ni kwamba wao hukichora kwa Kiingereza na Kilatini, na aghalabu hawakumbuki kwamba sehemu nyingi wanazozikariri walikwisha kuzijua kwa Kiswahili tangu wakiwa na kaptura na sare za shule.

Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Kwa hiyo tabibu kijana aliyeketi leo katika chumba cha kuwaonea wagonjwa mjini Kitale alifundishwa ala za matamshi, akaulizwa katika mtihani, akapata alama zake. Kisha elimu hiyo ikafungiwa kabatini. Msamiati wa kichwa na shingo tunao, na umekwisha kufundishwa kwa kizazi kizima. Tulichoshindwa ni kuufikisha pale unapohitajika.

Lakini mchoro wetu wa darasani nao una kasoro yake. Unaonyesha nyama na mifupa, hauonyeshi kinachoviendesha. Twamwambia mwanafunzi kwamba katika kutamka /t/ ncha ya ulimi hugusa ufizi, kana kwamba ulimi ni jembe linalojilimia lenyewe. Ulimi huamrishwa, na amri hizo hupita katika neva.

Kutoka katika ubongo na shina lake huchomoza jozi kumi na mbili za neva za kichwa. Hesabu hii haikupatikana kwa siku moja. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili, alihesabu jozi saba. Thomas Willis wa Uingereza, mwaka 1664, akahesabu tisa. Ni Mjerumani Samuel Thomas Soemmerring, mwaka 1778, aliyezipanga kuwa kumi na mbili kama zifundishwavyo hadi sasa. Wanafunzi wa utabibu huzikariri kwa vibwagizo vya Kiingereza ambavyo vingine si vya kuandikwa katika gazeti linalosomwa na watoto. Huzikariri kwa jasho kwa sababu majina ni ya kigeni, na hapo ndipo penye ajabu, maana kwa wenyewe majina hayo ni maneno ya kawaida kabisa. Ya kwanza ni neva ya kunusa, ya pili ya kuona, ya saba ni ya uso. Ya nne imepewa jina la kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, kwa kuwa msuli inaouendesha hupita katika kitanzi kidogo pembeni mwa jicho mithili ya kamba ya kisimani. Ya kumi na mbili ni iliyo chini ya ulimi. Ya kumi, ambayo haikutosheka na kichwa bali hushuka shingoni, ikaingia kifuani na kufika hadi tumboni, Kilatini kiliiita mzururaji. Mwambie mwanafunzi wa Bungoma kwamba ipo neva mzururaji uone kama ataisahau!

Katika jozi hizo, nne ndizo zenye kazi kubwa zaidi katika usemi. Ya tano huendesha taya, ya saba midomo, ya kumi kaakaa laini na nyuzi za sauti, na ya kumi na mbili ulimi. Anayefundisha fonetiki bila kuzitaja amefundisha nusu ya somo.

Sasa tulitazame neno lenyewe, maana hapa ndipo madhara huanzia. Kiswahili cha kila siku huita mshipa kitu kinachopitisha damu, na huita mshipa kitu kinachopitisha hisia. Kano inayokaza nyuma ya goti pia ni mshipa. Pwani, mtu akisema anaugua mshipa, huenda anazungumzia maradhi ya sehemu za siri. Wapo wanaosema mshipa wa damu na mshipa wa fahamu ili kutenganisha, lakini katika mazungumzo ya haraka ile sehemu ya pili hudondoka njiani.

Namjua mama mmoja wa upande wa Kimilili aliyekuwa na rovu, au goita kama watu wengi wasemavyo. Alipelekwa katika hospitali ambayo sitaitaja, akaambiwa afanyiwe upasuaji. Daktari alimweleza kwa Kiingereza hatari iliyopo, na kijana aliyeandamana naye akamtafsiria kwamba mshipa wa shingo unaweza kukatwa. Mama alishika shingo yake. Yeye ni mkulima, amekwisha kuona kuku na ng'ombe wakichinjwa, na anajua mshipa wa shingo ukikatwa hutokea nini. Akainuka, akarudi nyumbani na rovu lake. Hakuna aliyemdanganya, na kijana hakukosea tafsiri: neva ni mshipa kwa Kiswahili alichonacho. Daktari alikusudia kumwambia kwamba sauti yake huenda ikakwaruza. Alilolisikia ni kwamba atachinjwa.

Neva aliyoihofia daktari yule ni tawi la yule mzururaji. Njia yake ni ya kustaajabisha. Badala ya kutoka kichwani na kwenda moja kwa moja kwenye nyuzi za sauti, tawi la kushoto huteremka hadi kifuani likiwa ndani ya neva mama, likazunguka chini ya tao la ateri kuu itokayo moyoni, kisha likapanda tena shingoni katika mfereji ulio baina ya umio na bomba la hewa. La kulia hugeuka juu zaidi, chini ya ateri iendayo mkononi. Kwa twiga safari hiyo ya kushuka na kupanda ni ya mita kadhaa. Yote mawili hupita nyuma ya tezi ya shingoni, na tezi hiyo ndiyo huvimba ikawa rovu. Ndiyo maana mpasuaji huitafuta neva hiyo kwanza, akaijua ilipo, kabla hajakata. Ikiumia upande mmoja, uzi mmoja wa sauti hulala na sauti hukwaruza. Zikiumia zote mbili, hata kupumua huwa kwa taabu. Galen alilionyesha jambo hili hadharani kwa nguruwe aliyekuwa akilia: alipozikata neva hizo, kilio kikakoma ilhali mnyama yu hai. Miinuko ya magharibi ya Kenya ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizojulikana kwa rovu kabla chumvi haijaanza kutiwa iodini, hivyo maelezo haya si ya anasa kwa watu wa huku.

Wako watakaosema kwamba kukosa neno la neva ni dalili ya uchanga wa lugha zetu. Nawaomba wachungulie historia. Neno la Kiyunani lenye asili moja na neva, neuron, maana yake ya awali ilikuwa kano, au uzi wa upinde. Na nervus ya Kilatini ilikuwa hivyo hivyo. Wayunani nao walikuwa na mshipa mmoja wa kila kitu! Ni huko Alexandria, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, ambako Herophilus na Erasistratus walipasua maiti wakatenganisha uzi wa hisia na kano inayofunga msuli kwenye mfupa. Neno la zamani halikutupwa. Lilibanwa likapewa kazi moja. Walichofanya wale ndicho tunachodaiwa sisi.

Faida ya kuyaunganisha madarasa yale mawili haiishii kwenye kutafsiri. Matabibu wanapopima neva za usemi humwambia mgonjwa atamke pa, ta, ka kwa kurudiarudia. Mwalimu yeyote wa Kiswahili angewaeleza sababu yake katika dakika mbili. /p/ ni ya midomo, kwa hiyo inapima neva ya saba. /T/ ni ya ncha ya ulimi na ufizi, inapima ya kumi na mbili. /K/ ni ya sehemu ya nyuma ya ulimi inapoinuka kugusa kaakaa laini, na hapo ya kumi nayo huhusika. Kaakaa laini likipooza, hewa huvujia puani, na mgonjwa anayejaribu kusema "baba" husikika kama anayesema "mama". Mwanafunzi aliyefundishwa nazali vizuri halihitaji jambo hili kuelezwa mara ya pili.

Na kuna jambo ambalo mwalimu wa lugha analijua na kitabu cha London hakilijui. Lubukusu hakina /b/, /d/ wala /g/ za kipasuo zinazosimama peke yake; hutokea baada ya nazali tu, kama katika mb na nd. Kisabaoti nacho, kama lugha nyingine za Kikalenjin, hakitofautishi maana kwa ghuna na sighuna jinsi Kiswahili kifanyavyo. Mzee wa Bungoma akisema "kari" badala ya "gari", au mzee wa Mlima Elgon akisema "tawa" badala ya "dawa", hana ugonjwa wowote wa neva. Ana lugha ya mama. Tabibu aliyetoka mbali asiyejua hivyo anaweza kuandika katika faili kwamba mgonjwa hutamka kwa shida. Kwa bahati njema /p/, /t/ na /k/ zipo katika lugha zote mbili, basi pa, ta, ka ni kipimo cha haki kwa Mbukusu na Msabaoti sawasawa.

Nitaongeza mfano mmoja wa uso, kwani huu nauona ukiwagharimu watu. Mtu huamka asubuhi upande mmoja wa mdomo umeshuka. Majirani husema amepigwa na upepo mbaya, au amerogwa, au ni kiharusi, na siku hupita wakibishana. Mwambie ainue nyusi na kukunja kipaji. Akishindwa upande ule ule ulioshuka, na jicho la upande huo halifumbi, inaelekea neva ya saba yenyewe ndiyo iliyoumia, hali inayoitwa kwa jina la Charles Bell, Mskoti aliyeieleza neva hiyo mwaka 1821. Mdomo ukiwa umeshuka lakini kipaji kinakunjika pande zote mbili, shuku kiharusi, kwa sababu misuli ya kipaji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Hilo halimfanyi jirani kuwa daktari: vyovyote iwavyo, mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Kiharusi hakingoji hata saa moja, na dawa za ule ugonjwa wa Bell hufaa zaidi zikianzwa katika siku tatu za mwanzo. Lakini tazama msamiati uliotumika: nyusi, kipaji, jicho, mdomo. Hakuna hata neno moja la kuazimwa.

Istilahi hazikosekani. TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na baadaye ikatoa kamusi ya tiba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Maoni yangu ni kwamba neno neva litumike kwa uzi wa hisia na amri, mshipa libaki la damu tu, kano ibaki kano, na mwalimu wa Kiswahili awe wa kwanza kushika mipaka hiyo darasani. "Mshipa wa fahamu" ni maelezo mazuri kwa mgonjwa anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza, lakini kama istilahi limeacha mlango wazi, na mama wa Kimilili alitokea kwenye mlango huo.

Sisi walimu tuna la kusuluhisha pia. Uliza katika chumba chochote cha walimu kidakatonge ni nini. Mmoja atakuambia ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa laini. Mwenzake ataapa kwamba ni kile kifuniko kinachoziba njia ya hewa mtu anapomeza. Kile cha kwanza kina jina jingine zuri, kimio. Basi tukiite kimio, na kidakatonge tukiachie kifuniko, ambacho hasa ndicho kinacholidaka tonge lisipotee njia. Tabibu wa Kitale anapomwambia mgonjwa apanue kinywa aseme "aa", hutazama kimio kimeelekea wapi: neva ya kumi ikiumia upande mmoja, kimio huvutwa upande ule ulio mzima. Ulimi hufanya kinyume; ukitolewa nje, huinamia upande ulioumia.