Kabla ya Kubonyeza "Baadaye": Sasisho la Simu Yako Limetoka Mbali

Si unajua ule ujumbe wa kusasisha simu unaokuja ukiwa na haraka ya kumlipa mtu wa boda? Wengi wetu hubonyeza "Baadaye" na kusahau. Hebu tuone sasisho hilo hutoka wapi.

Kama simu yako ni ya Android, ndani kabisa inaendeshwa na Linux, programu huria iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991. Maelfu ya watu huichangia, lakini kwa ratiba. Kwa wiki 2, mambo mapya hupokelewa kwenye shina. Kisha mlango hufungwa: ni kurekebisha makosa tu, na kila wiki hutoka toleo la majaribio. Baada ya wiki 9 au 10 kwa jumla, toleo kamili liko tayari.

Simu zetu hutumia matawi yanayotunzwa kwa miaka kadhaa. Sheria ni moja: rekebisho huingia kwenye shina kwanza, ndipo linakiliwa kwenye tawi. La sivyo, mwanya uliozibwa leo utarudi kwenye toleo lijalo.

Sasa, rekebisho likitoka, kila mtu huliona, hata mwizi. Anajua simu ambayo haijasasishwa bado iko wazi, na pesa zako ziko humo.

Leo jioni, ukiwa na Wi-Fi na chaji, fungua Mipangilio utafute sasisho. Ukinunua simu nyingine, uliza itasasishwa hadi lini. Na kumbuka: hakuna sasisho la simu linaloomba PIN yako ya pesa.