Bibi wa Mifupa Agombanisha Wasomaji

Riwaya za upelelezi si ngeni kwetu. Aghlabu ya waliosoma Kiswahili wamkumbuka Bwana Msa na kiko chake, yule mpelelezi wa marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye kwa kutulia na kufikiri tu alifumbua mambo yaliyowashinda wenziwe. Lakini kwenye baraza moja ya Mji wa Kale, Mombasa, ambapo mimi hupumzika baina ya alasiri na magharibi, kumezuka mabishano juu ya mpelelezi wa namna nyingine kabisa. Huyu ni mwanamke, tena Mmarekani, na mashahidi wake wote ni wafu.

Jina lake ni Temperance Brennan. Aliyemtunga ni Dkt. Kathy Reichs, mzaliwa wa mwaka 1948 huko Chicago, na ajabu ni kuwa kazi ya mtungwa ndiyo kazi ya mtungaji. Bibi huyu ni bingwa wa kusoma mifupa ya maiti kwa ajili ya mahakama, kazi aliyoifanya miaka mingi North Carolina, Marekani, na Montreal, Kanada. Kitabu chake cha kwanza, Déjà Dead, kilitoka 1997, na tangu hapo vimefuata zaidi ya 20. Televisheni nayo ikaunda mchezo wake, Bones, ulioonyeshwa huko Marekani tangu 2005 hadi 2017.

Kundi la kwanza la wenye malalamiko ni hao wa televisheni, nami nawapita upesi. Walimzoea Brennan kijana, mrembo, asiyejua mzaha. Wakifungua kitabu wamkuta mama wa makamo aliyeachana na mumewe, mwenye binti mkubwa, na aliyewahi kutekwa na ulevi akaushinda. Waona wamepunjwa. Mimi naona huyu wa kitabuni ndiye mtu, na yule mwengine ni pambo.

Kundi la pili ndilo kubwa. Hawa wasema elimu imezidi hadithi. “Nataka kumjua muuaji,” kijana mmoja alinambia, “nami napewa darasa la nyonga!” Naam, darasa lipo. Nyonga ya mwanamke huwa pana kuliko ya mwanamume, kwa ajili ya uzazi. Mfupa wa paja ukipimwa hukisia kimo cha mwenyewe. Ncha ya mtulinga iliyo upande wa kifua ni katika za mwisho kuungana, nayo hungoja mpaka mtu apindukie miaka 20, kwa hivyo yaweza kumtenga kijana wa miaka 18 na mtu wa miaka 35, hata kama pua na macho vimekwisha zamani. Katika Déjà Dead, alama zilizoachwa na msumeno mfupani ndizo zamwonyesha bibi yule kwamba maiti ambao polisi wawaona mbali mbali walikatwa na mkono mmoja. Ondoa alama hizo, basi hapana kitabu. Atakaye muuaji bila ya mifupa na arudi kwa Bwana Msa, hatapata hasara.

Lawama yangu mimi ni nyingine. Msomi kama huyu, kwa nini kila mara atoke usiku peke yake kumwandama mtu mbaya, ilhali ana simu na polisi ni rafiki zake? Na kila mlango wa kitabu wakatika mguu mmoja ungali hewani. Mara ya kwanza moyo wadunda, mara ya kumi msomaji apiga miayo.

Kundi la tatu ni mtu mmoja tu, lakini uzito wake ni wa kumi. Mzee wetu mmoja, mtu wa msikitini, alituuliza, “Enyi wanangu, mwastarehe vipi na vitabu vya kufukua makaburi?” Hoja yake yajulikana. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa mfupa wa maiti una heshima kama wa aliye hai, na kuuvunja ni dhambi vile vile. Wala si sisi peke yetu tuyaonayo hayo. Katika Cross Bones, cha 2005, Brennan yuko Jerusalem, na Wayahudi washika dini wampinga kwa sababu hiyo hiyo ya mifupa.

Nikamwambia kwa adabu, “Mzee wangu, wanazuoni si wametaja nyudhuru za kufukua? Aliyezikwa bila ya kuoshwa, maadamu hajaharibika, au aliyezikwa katika ardhi ya kuporwa?” Kisha nikamsimulia Grave Secrets, cha 2002. Chaanza Guatemala, nchi iliyokuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1960 hadi 1996, watu wapatao 200,000 wakauawa au wakapotezwa. Mafundi wafukua kisima walimotupwa wanawake na watoto wa kijiji, na jamaa wasimama kando wakitazama. Hao hawakuzikwa, walitupwa.

Mzee akanyamaza. Aliyesema ni mama mmoja jirani, ambaye kakake alitoka na mashua zamani na haikurudi hata nguo yake. Akasema, “Hao wana bahati. Sisi tulimsalia marehemu sala ya ghaibu. Mkewe alikaa miaka hajui akae eda au angoje.” Mama huyu amevisoma vitabu saba, na hizo kurasa za nyonga wazirukazo vijana, yeye husoma mara mbili.

Nami namkubali. Muuaji wa vitabu hivi mtu humsahau upesi. Kinachobaki ni yule asiyejulikana kurudishiwa jina lake.

Haya Dkt. Reichs hakuyabuni. Alitoa ushahidi kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa juu ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa na makao Arusha. Mtaalamu mwenziwe, Clea Koff, ambaye mamake ni Mtanzania, alifukua makaburi Kibuye, Rwanda, mwaka 1996, akayaandika katika The Bone Woman, 2004, bila ya hadithi ya kubuni.

Nasi yametufika hapa hapa Pwani. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi hawakutambulikana kwa sura, ikabidi DNA zao zilinganishwe na za jamaa. Ilikuwa Machi 2024, huko Malindi, ndipo jamaa wa mwanzo walipoanza kukabidhiwa wafu wao.

Juzi yule mzee alinishika mkono nikitoka msikitini. “Mwanangu,” akaniuliza, “wale wa kisimani, walipata kuzikwa?” Nikampelekea kitabu. Yuasomewa na mjukuu wake baada ya isha.