Kingamwili ya p16 katika Uchunguzi wa Shingo ya Kizazi

Seli inayojiandaa kugawanyika hukua, hunakili vinasaba vyake, kisha hujigawa, na katika kila hatua zimo protini zinazoisukuma mbele na nyingine zinazoizuia. Miongoni mwa za kuzuia ni p16, iliyoelezwa na watafiti mwaka 1993, ambayo hujishikiza kwenye vimeng'enya CDK4 na CDK6 ili visiidhoofishe protini iitwayo Rb, ambayo ndiyo huifunga seli isianze kunakili vinasaba kabla ya wakati wake.

Virusi vya papiloma, hasa aina ya 16 na ya 18 ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi duniani, huivunja Rb kwa protini yao ya E7. Seli iliyokosa Rb huzalisha p16 kwa wingi, lakini bila faida, maana uwezo wote wa p16 wa kuzuia hupitia kwa Rb. Kwa hiyo, jambo la kushangaza kidogo, wingi wa kizuizi huwa dalili ya seli isiyozuilika tena.

Ili p16 ionekane hutumiwa kingamwili, yaani protini inayoshikamana na shabaha yake maalumu, na ambayo huzalishwa kwa mbinu iliyochapishwa na Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975. Tishu iliyolowekwa katika formalini na kugandishwa ndani ya nta hukatwa tabaka la takriban mikroni 4, huchemshwa ili protini zilizofungwa na formalini zifunuke, hutiwa kingamwili, kisha kimeng'enya kinachozalisha rangi ya kahawia. Mtaalamu wa patholojia haridhiki na madoa yaliyotawanyika, ambayo huonekana hata kwenye tishu isiyo na ugonjwa; hutafuta kahawia kali isiyokatika, inayoanzia tabaka la chini kabisa na kupanda juu.

Kwa mwanamke wa mji wa Baraka au wa vijiji vya milimani huko Fizi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uchunguzi wa kwanza unaoweza kufanyika bila maabara ni wa muuguzi anayepaka asidi ya asetiki, ile ile ya siki, na kuangalia panapogeuka peupe. Kingamwili ya p16 huja baadaye, pale kipande cha tishu kimekwisha kukatwa na hadubini peke yake haitoshi kutofautisha mabadiliko ya hatari na yale yasiyo na hatari. Kipande kikicheleweshwa kwenye joto la ukingo wa Ziwa Tanganyika bila formalini, protini huharibika na jibu hasi halina thamani. Kikikaa ndani ya formalini zaidi ya siku 3, kama inavyoweza kutokea mvua inapoharibu barabara ya Uvira kuelekea Bukavu na kukichelewesha njiani, rangi nayo huweza kufifia.

Kichupa cha kingamwili hudai friji ya nyuzi 2 hadi 8 usiku na mchana, hivyo mahali pake ni maabara yenye umeme wa uhakika. Hospitali ya Baraka ingefaidika zaidi na formalini ya kutosha, na karatasi iliyoandikwa saa ambayo tishu ililowekwa.