Ramani ya Zamani na Maji ya Kikundi Chenu

Kikundi kikitaka kulinda chemchemi, kwanza hutafuta fundi na simiti. Sisi twasema, anzeni na ramani, tena ile kuukuu.

Milima yetu ilichorwa polepole. Mwaka wa 1883 Joseph Thomson, Mskoti, alipita Naivasha na Elmenteita, akaiita milima ya mashariki Aberdare kwa heshima ya mkubwa mmoja wa kule London. Jina lake Nyandarua lilikuwapo tayari! Ramani zenye vipimo kamili zilikuja baada ya 1946, Waingereza walipoanzisha ofisi ya kupima makoloni. Ndege zilipiga picha kutoka juu, wapimaji wakapanda vilima kuhakikisha, hata mabonde ya Mau na Nyandarua ambako watu walikuwa wachache yakaonekana kwenye karatasi.

Katika ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja ardhini. Mistari ya kahawia ni kontua: kila mstari hufuata mahali penye kimo kimoja. Ikibanana, hapo ni mteremko mkali, msilime bila matuta. Ikipinda kama herufi V, ncha ikielekea mlimani, hilo ni bonde, na maji ya mvua hupita hapo. Mto wa mwaka mzima huchorwa kwa mstari wa buluu usiokatika; ule wa msimu umekatikakatika.

Sasa linganisheni na macho yenu. Njoro, Makalia na Nderit zote hutoka Mau na kuingia Ziwa Nakuru. Mwaka wa 2001 zaidi ya hektari 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa katika msitu wa serikali. Ramani ya zamani ina rangi ya kijani mahali ambapo leo ni mahindi na viazi. Mkikuta mto wa mstari mzima umekuwa mchanga mtupu kila Januari, fuateni bonde lake mpaka juu. Huko ndiko kwa kupanda miti ya kienyeji, si mikaratusi, maana hiyo hunywa maji sana.

Lakini tahadhari, jamani. Ramani hii si hati ya shamba. Mtu asiibebe kwenda kumfukuza jirani. Mipaka ya mashamba iko katika ramani nyingine, kwenye ofisi ya ardhi.

Nakala huulizwa kwa Idara ya Upimaji, Ruaraka, Nairobi. Tajeni jina la eneo na mwulize toleo la zamani. Mkiipata, mkalishe mzee anayejua majina ya vijito, na mwandike kwa penseli.