Maji ya nyumbani kwako yanamzeesha nani?

Kijana wa Arumeru akihamia Dar es Salaam au Dodoma, mara nyingi hana haja ya kutaja anakotoka. Akicheka tu, wenzake wanamwambia, "Wewe ni wa Arusha." Meno ya kahawia, mengine yenye mistari myeupe kama chokaa, mengine yenye vishimo, yamekuwa kitambulisho cha watu waliokulia kuzunguka Mlima Meru. Si hao peke yao. Wapo wa Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga wenye hali hiyo hiyo. Wengi wamejifunza kulitania jambo hili, lakini wapo wanaoziba mdomo kwa kiganja kila wanapocheka, na kwenye picha za harusi huwaoni wakionyesha meno.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba jino ni dalili ya nje tu. Maji yaliyoharibu jino la mtoto ndiyo yanayoingia kwenye mifupa ya baba, mama na bibi yake, na huko hakuna kioo cha kujitazama.

Kuzeeka huanzia kwenye seli, yaani chembe hai ndogo zinazounda kila sehemu ya miili yetu. Mfupa, kwa mfano, haukai kama nondo iliyozikwa kwenye zege. Ndani yake kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochoka na nyingine zinazojenga upya, kiasi kwamba mtu mzima hubadilisha karibu asilimia 10 ya mifupa yake kila mwaka. Ujanani wabomoaji na wajenzi wanakwenda sambamba. Umri ukisogea, wajenzi wanachoka kwanza. Hiyo ni kawaida ya maumbile. Tatizo linakuja pale maji ya kila siku yanapowaletea wajenzi hao malighafi isiyofaa.

Malighafi hiyo ni floraidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na maji huiyeyusha yanapopita chini ya ardhi. Kidogo kinasaidia kuimarisha meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi, inageuka. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine, kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kabla ya kushusha kiwango hadi 1.5. Ukifika eneo la Maji ya Chai, jina lenyewe linakueleza rangi ya mto, lakini rangi isikudanganye. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Chemchemi inayong'aa kama kioo inaweza kuwa nayo nyingi kuliko dimbwi la tope.

Kwa mtoto, saa ya hatari ni kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8. Katika kipindi hicho meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya fizi, kabla hayajaonekana. Seli zinazojenga tabaka gumu la nje ya jino hufanya kazi yao mara moja, kisha hufa jino linapotoka. Zikiwa zimevurugwa na floraidi, hakuna seli nyingine itakayorudi kurekebisha. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa na meno ya utoto meupe anaweza kuota mapya ya kahawia akiwa darasa la kwanza au la pili, na mzazi akamfokea kwamba hapigi mswaki. Anafokewa bure. Hata akisugua asubuhi, mchana na jioni, rangi hiyo haitatoka, kwa kuwa iko ndani ya jino. Daktari wa meno anaweza kuipunguza au kuifunika, ila ni kazi ya gharama na wengi hawaimudu.

Kwenye mifupa mambo huenda polepole. Mtu mzima hutoa kwa mkojo karibu nusu ya floraidi iliyoingia mwilini, na nyingine hubaki. Mtoto mdogo anaweza kubaki na asilimia 80 au zaidi, kwa sababu mifupa yake inakua na inainyonya. Karibu yote inayobaki huhifadhiwa kwenye mifupa na meno. Mfupa wenye floraidi nyingi huonekana mzito kwenye picha ya eksirei, lakini hauna unyumbufu, na kwa hiyo huvunjika kirahisi. Aliyekunywa maji ya kiwango cha juu sana kwa miaka mingi huanza na maumivu ya viungo, kisha mgongo unakakamaa, shingo inakuwa ngumu kugeuka. Katika baadhi ya vijiji vya Arumeru wapo watoto ambao miguu yao imepinda. Mtu wa miaka 50 anayetembea kama wa 75 huambiwa ni uzee, na wakati mwingine anatafutwa mchawi. Si kila maumivu ya mgongo yanatokana na maji, bila shaka, na hospitali ndiyo ya kuamua. Lakini kama mtaa mzima una meno ya kahawia, mweleze daktari habari hiyo.

Sasa tuje jikoni, kwa sababu hapa ndipo nia njema inapoharibu. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, na usiache kuchemsha. Ila floraidi haichemki ikapaa na mvuke. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale na kiwango chake kinapanda. Vidonge na dawa ya klorini haviigusi. Chujio la kawaida la mshumaa nalo linaiachia ipite.

Halafu kuna magadi. Huku kaskazini makande bila magadi kwa wengine si makande, maana yanalainisha maharage na kuokoa kuni. Baadhi ya magadi yana floraidi nyingi, na familia inaweza kuwa na bomba safi lakini ikajirudishia tatizo kwa kijiko. Loweka maharage usiku kucha, yatalainika. Majani ya chai pia hubeba floraidi, kwa hiyo mtoto wa miaka miwili apewe maziwa yasiyo na majani ya chai.

Habari njema kwa mwenye mtoto mchanga ni kwamba maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye nyingi. Miezi sita ya kunyonya bila kuchanganyiwa kitu chochote ni kinga tosha. Hatari inaanza na uji.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Huhitaji kuvuna ya kufulia na kuoshea gari. Watoto wawili wadogo wakitengewa lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia uji, tangi la lita 1,000 litawafikisha siku 200. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga, funika, na uchemshe kabla ya kunywa.

Ipo pia mitambo ya kuchuja. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi. Kule Nakuru, Kenya, Jimbo Katoliki limetumia njia hiyo hiyo. Dk Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio la mchanga na nanoteknolojia linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa eneo husika. Kabla ya kununua chochote, peleka sampuli ya maji yako kwenye maabara ya maji ya mkoa. Bila namba ya maabara unabahatisha.

Tofautisha hayo na mashine za "maji ya alkali" zinazonadiwa kwenye simu kwamba zinarudisha ujana wa seli. Maji hayo yakifika tumboni yanakutana na asidi kali, na damu hulinda kiwango chake chenyewe, kati ya 7.35 na 7.45, uwe umekunywa ya alkali au ya kisima cha jirani. Okoa fedha zako.

Kinachoonekana kuwa na uzito zaidi ni kunywa maji ya kutosha. Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima 11,255 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 30. Waliokuwa na sodiamu ya juu kwenye damu, jambo linaloendana na kunywa maji machache, walikuwa na dalili nyingi zaidi za mwili kuzeeka kabla ya umri wake. Utafiti huo haujathibitisha kwamba maji peke yake ndiyo sababu, lakini wazee wetu wana tatizo jingine lililo wazi: kiu hupungua na umri. Bibi anaweza kukaa hadi saa tisa alasiri bila kuomba maji, si kwa kuwa hayahitaji. Mpelekee kikombe bila kumuuliza, isipokuwa kama daktari amempangia kiwango kwa sababu ya moyo au figo.

Na kama chujio lenu ni la mkaa wa mifupa, andika kwa kalamu ubavuni tarehe lilipowekwa. Mkaa ukishajaa floraidi, maji hupita yakitoka kama yalivyoingia, safi na matamu vile vile, na hakuna atakayegundua mpaka mpime tena.